Jinsi ya kumpeleka mwenye sukari kupima macho, na mwakani akubali kurudi

Nimeuza dagaa Katonga, hapa Kigoma, miaka ishirini na mitatu, na sukari niligundulika nayo 2013. Mimi si muuguzi. Kazi ninayoifanya siku hizi, ambayo hakuna aliyeniajiri, ni kuwakokota watu wa mwaloni wenye sukari wakapime macho. Nimewapeleka wengi hadi najua safari huwa inakwamia wapi. Hayo ndiyo ninayokuandikia, wewe mwenye mama, shemeji au jirani anayekwambia kila ukimgusia, "nitaenda."

Ujue kwanza mnakwenda kutafuta nini. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa midogo ya damu. Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea picha, unaitwa retina, na umejaa mishipa ya namna hiyo. Inavuja, mingine inaziba, baadaye inachipua mipya iliyo dhaifu na yenye kupasuka ovyo. Yote hayo yanaweza kwenda miaka bila maumivu yoyote, na mwenyewe bado anatunga uzi kwenye sindano. Ndiyo sababu mwenye kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha wengi wetu watu wazima, anatakiwa apimwe pale pale anapogundulika, halafu kila mwaka. Wa aina ya kwanza, hawa wanaochoma insulini tangu mwanzo na wengi wao ni watoto na vijana, huanza mwaka wa tano baada ya kugundulika. Na mjamzito ambaye alikuwa na sukari kabla ya mimba asingoje: aende mimba ikiwa changa, maana ujauzito unaweza kuharakisha uharibifu.

Kwa hiyo mtu akikujibu, "Mbona mimi naona vizuri," hasemi uongo. Usibishane naye. Mwambie ndiyo maana mnaenda sasa.

Halafu usianze na upofu. Mimi nilianza nao. Mume wa dada yangu, mvuvi mwenye mtumbwi wake, nilimkalisha barazani nikamtajia vipofu wote ninaowajua kuanzia Ujiji mpaka Kibirizi. Alinisikiliza kwa adabu, akanywa chai, akasema, "Shemeji, Mungu ndiye anayejua," kisha akanikwepa miezi minne. Ile methali ya mficha maradhi nayo watu wanaipenda sana, ila sijaona mgonjwa hata mmoja iliyomfikisha kliniki. Mtu ukimtisha anajificha. Na mwenye sukari ameshagombezwa vya kutosha: ugali wa muhogo punguza, soda acha, mawese pima, mbona sukari iko kumi na tano. Anaposikia "hospitali" anasikia kugombezwa kwingine.

Nilipomrudia nilimuuliza swali tu: ukienda, ni kitu gani kitakusumbua? Kisha nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, hasa kwa mtu wa soko kama mimi.

Majibu utakayopata hayatakuwa yale uliyoyatarajia. Mama mmoja wa vichanjani, tunayeanika naye, alikuwa ananiambia hana nauli. Nikamwambia nauli ninayo. Akasema magoti. Mwishowe, tukiwa wawili tunageuza dagaa, akanong'ona kwamba hajui kusoma, na amesikia ukifika kule unasomeshwa herufi ukutani mbele za watu. Aibu hiyo ndiyo iliyomkalisha nyumbani miaka sita. Nikachora E kwenye mchanga kwa kidole. Nikamwambia ipo chati ya herufi moja tu, hii, imegeuzwa huku na huku, na wewe unaonyesha kwa mkono miguu yake imeelekea wapi: juu, chini, kulia, kushoto. Ombeni hiyo mapema, kabla hajasimamishwa mbele ya chati. Tulifanya mazoezi pale pale mchangani kwa kijiti, akacheka. Wiki iliyofuata tulikwenda.

Shemeji yangu tatizo lake lilikuwa siku. Amepangiwa Jumanne, na Jumanne dagaa wanatoka. Hapa nataka unisikilize vizuri kama watu wako ni wa ziwani. Dagaa tunawavua usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti, mitumbwi inapumzika, na sisi wa vichanjani hatuna cha kuanika. Siku hizo za mbalamwezi ndizo za hospitali. Sasa hivi nikiwa na mtu namwambia muuguzi anayepanga tarehe, "Dada yangu, huyu ni mvuvi, mpe ya mbalamwezi," na mara nyingi wanakubali, kwa sababu na wao wamechoka na watu wasiotokea. Wa shambani naye ana siku zake, msimu wa kupanda na wa kuvuna. Wa Tabora mtajua wenyewe tumbaku inawabana lini. Anayefunga Ramadhani mpangie kabla ya mwezi au baada ya Idi, msianze mabishano ya kama dawa ya matone inafunguza.

Tarehe ikishapatikana, piga simu siku moja kabla. Kuna kituo kimoja tulifunga safari na mabibi watatu, mmoja wao ametoka kwa boti tangu usiku, tukakuta mtaalamu wa macho amekwenda semina. Hakuna aliyetuambia. Yule wa boti sikumpata tena. Sisi wa Kigoma hospitali yetu ya rufaa ya mkoa ni Maweni, wa Tabora ni Kitete, lakini kokote unakokwenda uliza maneno haya: kitengo cha macho kinaona watu siku gani, na siku hiyo watamtanua mboni kwa matone waone nyuma ya jicho, au watampima miwani tu? Miwani siyo tunayoitafuta. Dada yangu mwenyewe alibadilishiwa miwani mara mbili mjini na wauzaji ambao hawakumuuliza hata siku moja kama ana sukari, na muda wote huo jicho la kushoto lilikuwa linavuja damu ndani.

Sasa siku yenyewe. Mtu ale, ameze dawa zake kama kawaida. Wengi wanadhani kila kipimo ni cha kufunga, wanachoma insulini au wanameza dawa halafu wanakaa na njaa mpaka saa saba, sukari inawashuka kwenye foleni. Kupima macho hakuhitaji mtu awe na njaa. Kama siku hiyo hiyo ana kipimo cha damu cha asubuhi kabla ya kula, aulize kliniki dawa atumie saa ngapi, na mbebe chakula ale mara tu anapotolewa damu. Mimi nabeba maji, mhogo wa kuchemsha, na pipi mbili mfukoni kwa ajili ya atakayeanza kutetemeka na kutoka jasho.

Mbebe pia kadi ya kliniki, dawa zenyewe au maboksi yake, miwani kama anayo, na bima. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana haki ya msamaha wa matibabu kwa sera ya serikali. Ulizeni dirisha la wazee na karatasi inayotakiwa kabla ya siku, maana kuitafuta mkiwa kwenye foleni ni kupoteza asubuhi.

Na kofia! Kofia pana, au mtandio, na miwani ya jua hata ile ya mtumba. Mara ya kwanza nilipompeleka dada sikujua. Wakimtia matone, mboni inatanuka ndani ya nusu saa hivi ili daktari aone mpaka nyuma ya jicho. Yanachoma kidogo, kama maji ya sabuni. Baada ya hapo mwanga unamwingia wote na vitu vya karibu vinakuwa ukungu, saa nne, sita, wakati mwingine zaidi. Tulitoka na jua la saa nane, akateleza kwenye mtaro mbele ya watu. Jioni mwalo mzima unajua kwamba "dawa ya hospitali inapofusha." Watu watatu niliokuwa nimewashawishi wakaghairi, na kosa lilikuwa langu kwa sababu sikumwandaa. Kwa hiyo mwambie kabla: utaona ukungu, utaisha kufikia usiku au kesho asubuhi, utashikwa mkono. Asiendeshe pikipiki wala gari, asishike panga, asiingie kwenye mtumbwi usiku huo. Lakini jicho likiuma sana, likawa jekundu, akaanza kutapika, huo si ukungu wa kawaida. Mrudisheni siku hiyo hiyo, ingawa hutokea kwa nadra.

Ndani kwa daktari ingia naye akikuruhusu, ukaulize maswali mawili: umeona nini, na turudi lini? Uandike. Kama retina ni safi, mwaka mmoja. Kama kuna dalili za mwanzo, watamtaka arudi mapema zaidi, na dawa yake kubwa hapo ni sukari na presha kushuka. Kama imefika mbali, kuna mionzi ya leza na kuna sindano za kwenye jicho, na huenda akapewa rufaa ya hospitali za mbali, Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi au Dar es Salaam. Hapo wengi wanarudi mikono mitupu kwa sababu waliambiwa kitu kimoja na wao walitarajia kingine. Waambie ukweli: leza kazi yake zaidi ni kulinda uoni uliobaki, ule uliokwisha kupotea kwa kawaida haurudishi. Dada yangu aliambiwa hivyo. Alilia, akaenda, na jicho la kulia anachambulia mchele mpaka leo.

Yako mambo ya kutokusubiri tarehe yoyote: madoa meusi yanayoelea yakitokea ghafla, kama pazia linashuka upande mmoja, au jicho likizima tu. Hayo ni ya leo leo.

Ukiwa umeshamfikisha hospitali, usimrudishe na macho peke yake. Presha. Mkojo, kuangalia kama figo zinapitisha protini. Damu ile inayoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, ambayo haihitaji kufunga, na wengi wetu tunaambiwa tuilenge chini ya asilimia 7. Avue viatu wamguse nyayo kwa kile kiuzi cha nailoni, asiyehisi ajulikane kabla hajakanyaga msumari. Mkishindwa vyote kwa siku moja, chukueni presha na miguu, ni vya dakika chache.

Shemeji yangu alikwenda Februari. Retina zote mbili zilikuwa safi, akaambiwa mwakani. Njia nzima ya kurudi, kofia imemfika puani, alikuwa ananisimanga kwamba nimempotezea siku. Nikamjibu siku yenyewe ilikuwa ya mbalamwezi, hakuwa na kazi. Juzi nimepita bandani kwake anapotunza nyavu, nikaona mistari ya mkaa ukutani, saba. Nikamuuliza anamdai nani. Akasema anahesabu mbalamwezi, bado tano, na niende kumnunulia kofia nyingine kwa sababu ile ya mwanzo ameichukua mjukuu.