Jinsi ya kuchunguza mtego wa kale wa mafuta uliofichuliwa na mmomonyoko

Mtego wa mafuta ni mahali ambapo miamba ilizuia mafuta yasipande juu. Anza na umbo la miamba, mafuta baadaye. Pita ukikata kunjo (matabaka ya miamba yaliyopindika) kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, ukipima mwelekeo na mwinamo wa matabaka kwa dira yenye klinomita (kipimo cha mwinamo). Weka kwenye ramani mwamba hifadhi (ulioshika mafuta), mwamba funiko (uliozuia yasipite juu) na kila ufa.

Kisha fuata rangi. Karibu na Moab, Utah, nchini Marekani, jiwe la mchanga la Navajo ni jekundu, lakini sehemu nyingine limepauka. Vimiminika vyenye haidrokaboni (kemikali za mafuta na gesi) viligeuza chuma chake kikayeyuka na kuchukuliwa na maji. Mpauko ukishika kilele cha kunjo na kukoma chini ya funiko, hiyo ni dalili nzuri sana. Ukifuata uso wa ardhi wa leo, shuku kwamba umetokana na jua na mvua, si mafuta.

Madoa meusi ndiyo hudanganya wengi. Vunja jiwe upate uso mpya, nusa, halafu tia punje chache kwenye chupa ya kioo yenye kiyeyusho (kimiminika kinachoyeyusha mafuta): lami, yaani mabaki mazito ya mafuta, kwa kawaida hukigeuza kahawia; manganizi, madini yenye madoa meusi kama hayo, haikigeuzi. Taa ya urujuanimno pekee haitoshi, kwani madini ya kalsaiti nayo hung'aa na lami nzito huweza ising'ae kabisa.

Sampuli ya maabara iwe na ukubwa wa ngumi, ifungwe kwa karatasi ya alumini. Mfuko wa plastiki huachia kemikali zinazovuruga vipimo, na wino wa kalamu vilevile. Andika namba juu ya karatasi, kamwe si kwenye jiwe.