Kumwekea mgonjwa wa COPD mashine ya BiPAP katika wodi ya kawaida

Mgonjwa wa COPD (ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa) aliyezidiwa mara nyingi hamalizwi na upungufu wa oksijeni peke yake. Misuli yake ya kupumulia imechoka, hewa ukaa inajaa mwilini, damu inaingia asidi, naye anaanza kusinzia. Kumfungulia oksijeni zaidi hakumtui mzigo huo, na kunaweza kumwongezea hewa ukaa. BiPAP humtua: anapovuta pumzi mashine inamsukumia hewa kwa shinikizo kubwa (IPAP), anapoitoa inabakiza shinikizo dogo (EPAP) ili njia za hewa zisijifunge.

Kazi hii si ya ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) peke yake. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2000 ulifanyika kwenye wodi za kawaida za hospitali 14, kwa wagonjwa 236 wenye pH (kipimo cha asidi ya damu; ikishuka, asidi imezidi) kati ya 7.25 na 7.35. Waliopata matibabu ya kawaida tu walikufa asilimia 20. Walioongezewa BiPAP, asilimia 10. Waliokuwa chini ya 7.30 walifaidika kidogo kuliko wenzao. Kwa hiyo wa chini ya 7.30 alazwe karibu kabisa na meza ya manesi, na wa chini ya 7.25 atafutiwe kitanda cha ICU huku mashine ikiwa tayari imeshawashwa.

Nani awekewe

Dawa kwanza, saa moja. Salbutamol miligramu 2.5 hadi 5 na ipratropium miligramu 0.5 kwa nebulaiza (kifaa kinachogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvutwa), prednisolone miligramu 30 hadi 40 kwa mdomo, na antibayotiki ikiwa makohozi yamebadilika rangi au yameongezeka. Nebulaiza iendeshwe kwa hewa ya kawaida. Kama hakuna njia ila oksijeni, isizidi dakika 6, kisha urudi kwenye kiwango cha awali. Oksijeni ipimwe hadi kipimo cha kidoleni kisome asilimia 88 hadi 92. Ukiona 98, punguza. Mgonjwa huyu hahitaji 98.

Baada ya saa hiyo pima gesi za damu ya ateri. Ikiwa pH iko chini ya 7.35, hewa ukaa imezidi 6.5 kPa (kama mmHg 49) na anapumua zaidi ya mara 23 kwa dakika, muwekee. Akiwa anazidiwa machoni pako usisubiri saa iishe.

Pasipo na kipimo cha ateri, damu ya vena inasaidia kwa upande mmoja: hewa ukaa ya vena ikiwa chini ya mmHg 45, karibu hakika ya ateri haijapanda. Ikiwa juu, haithibitishi kitu. Pasipo na kipimo chochote, mtazame mgonjwa anayejulikana kuwa na COPD: usingizi usio wa kawaida, maumivu ya kichwa, mikono ya moto inayopigapiga anapoinyoosha, misuli ya shingo inayofanya kazi kila pumzi. Hapo jaribu kwa saa moja, mtu akiwa ameketi pembeni yake.

Asiwekewe aliyeacha kupumua, anayetapika mfululizo, aliyeungua au kuvunjika usoni, wala aliyezibwa koo. Hewa iliyoingia kati ya pafu na ukuta wa kifua lazima itolewe kwa mpira kwanza, la sivyo shinikizo litaizidisha. Sikiliza pande zote mbili kabla ya kuwasha, na eksirei ifanyike mapema iwezekanavyo. Usingizi unaotokana na hewa ukaa haumzuii, mradi asiachwe peke yake. Na kwa kuwa kwetu wengi wa wagonjwa hawa wana makovu ya TB, makohozi yapimwe, madirisha yafunguliwe na wahudumu wavae barakoa za N95, maana mashine hutawanya pumzi ya mgonjwa chumba kizima.

Kabla ya kuwasha, daktari aandike kwenye faili: mashine ikishindwa, je, ataingizwa mpira kooni na kupelekwa ICU, au hapa ndipo mwisho wa matibabu? Swali hili likiachwa hadi saa nane za usiku, atalijibu mtu asiyemjua mgonjwa.

Barakoa na tundu la kutolea hewa

Anza na barakoa inayofunika pua na mdomo, kwa sababu mgonjwa aliyezidiwa hupumulia mdomo. Iende kutoka daraja la pua hadi chini kidogo ya mdomo wa chini. Ikigusa macho ni kubwa mno. Meno ya bandia yaliyokaa imara yaache, yanashikilia mashavu.

Sasa jambo la hatari kuliko yote. BiPAP nyingi za wodini zina bomba moja tu, kwa hiyo pumzi anayoitoa lazima itokee kwenye matundu madogo. Kuna barakoa zenye matundu yake zenyewe, na kuna zisizo nayo, zilizotengenezwa kwa ventileta za ICU zenye mabomba mawili. Nyingi za hizi zina kiwiko cha rangi ya buluu. Ukichukua isiyo na matundu bila kuunga tundu la kutolea hewa kwenye bomba, mgonjwa atavuta tena hewa ukaa yake mwenyewe, na skrini inaweza kuonyesha namba nzuri kabisa huku akizidi kusinzia. Weka kiganja mbele ya matundu: lazima usikie hewa ikitoka muda wote. Usiyazibe kwa plasta eti yanavuja. Filta ya bakteria ikae kwenye mdomo wa mashine, ibadilishwe ikilowa.

Washa mashine kabla ya kumvika. Mwinue kichwa nyuzi 30 hadi 45, kisha uishike barakoa usoni kwa mkono wako dakika chache bila kufunga mikanda. Mwambie: "Mzee, hii itakusukumia hewa. Usishindane nayo, iache ikusaidie. Ukitaka kutapika nionyeshe mkono, naitoa saa hiyo hiyo." Akizoea, funga mikanda pande zote mbili kwa pamoja, vidole viwili vipite chini yake. Kukaza sana ni kosa la kila siku: huleta kidonda juu ya pua ndani ya siku moja au mbili, na mara nyingi huongeza uvujaji kwa sababu mto wa barakoa unakunjika. Bandika plasta laini ya kinga kwenye daraja la pua tangu mwanzo.

Namba za kuanzia

Chagua S/T, yaani mashine ifuate pumzi za mgonjwa na imwongezee za akiba asipovuta. Namba zote za shinikizo ni za cmH2O. IPAP 12 hadi 15, EPAP 4, pumzi za akiba 16 kwa dakika, muda wa kuvuta pumzi sekunde 0.8 hadi 1.2. EPAP isishuke chini ya 4 kwenye bomba moja, kwani ndiyo inayopeperusha hewa ukaa itoke matunduni. Kisha panda: ongeza IPAP kwa 2 au 3 kila dakika 5 hadi 10, ufike 20 hadi 25 ndani ya nusu saa kama anavumilia. Wengine huhitaji 30.

Wodi nyingi huteleza hapa. Mgonjwa anaanzishwa IPAP 10 kwa EPAP 5, anatulia kidogo, anaachwa hapo hadi asubuhi. Kinachoondoa hewa ukaa ni tofauti kati ya namba hizo mbili, na tofauti ya 5 karibu ni bure. Ukipandisha zote kwa pamoja, 10/5 kuwa 15/10, hujamwongezea msaada wowote.

Oksijeni unga kwenye kiungio chake cha barakoa (si kwenye matundu ya kutolea hewa) au kwenye bomba karibu na mashine, anza lita 1 hadi 2 kwa dakika, ufuate 88 hadi 92. Kila unapopandisha IPAP, hewa nyingi zaidi inapita na oksijeni inachujuka. Kipimo kikishuka hapo usishtuke, ongeza nusu lita au lita moja.

Saa ya kwanza, na yanayoharibika

Pima pumzi, mapigo, oksijeni na ufahamu kila dakika 15 kwa saa ya kwanza, kila nusu saa hadi saa ya nne, kisha kila saa. Gesi za damu rudia baada ya saa moja, baada ya saa nne, na saa moja baada ya kila badiliko kubwa. Dalili ya kwanza ya mafanikio ni pumzi kupungua kasi.

Hewa ukaa isiposhuka, fuata mpangilio huu: uvujaji, matundu, oksijeni iliyozidi, kisha IPAP. Kifua kisipopanda, shinikizo halitoshi au linavujia njiani. Akivuta na mashine isiitikie, uvujaji unaificha pumzi yake, au hewa imenaswa mapafuni kiasi kwamba juhudi yake haifiki kwenye mashine. Ziba uvujaji, kisha jaribu EPAP ya 5 au 6, ukipandisha IPAP pia ili tofauti ibaki. Mashine ikiendelea kusukuma wakati anatoa, fupisha muda wa kuvuta. Tumbo likijaa, punguza IPAP kidogo au pitisha mpira wa puani. Akibadilika ghafla, maumivu ya kifua na upande mmoja kimya, fikiria pafu lililopasuka kabla ya kugusa kitufe chochote. pH ikizidi kushuka baada ya saa moja hadi nne ingawa yote yamerekebishwa, fuata kilichoandikwa kwenye faili.

Siku ya kwanza avae muda mwingi kadiri awezavyo, akitolewa kwa dakika chache tu za kunywa, kula kidogo, kukohoa na dawa. pH ikifika 7.35 na pumzi zikiwa chini ya 24, punguza saa za mchana kwanza: kama saa 16 siku ya pili, 12 siku ya tatu zikiwemo za usiku mzima, kisha acha. Usimtoe usiku wa kwanza kwa sababu anaonekana vizuri jioni. Usingizini pumzi hupungua.

Umeme na mtungi

Umeme ukikatika na mashine haina betri, vua barakoa mara moja, mpe oksijeni ya pua kutoka kwenye mtungi. Barakoa nyingine zina vali ya kuingiza hewa ya nje, nyingine hazina, na gizani hutajua ipi ni ipi. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukitumia lita 4 kwa dakika unadumu kama saa 28. Wa lita 1,360 saa tano na dakika 40 tu. Gawanya lita kwa mtiririko, andika muda utakaokwisha kwenye plasta, uibandike kwenye mtungi wenyewe kabla ya kukabidhi zamu.