Kompyuta ya mezani inayowaka inapotaka

Ikiwaka leo na kugoma kesho, shuku kwanza pawasaplai, yaani kisanduku kinachoipa kompyuta umeme. Ikigoma ikiwa baridi na kuwaka baada ya majaribio kadhaa, huenda kapasita zake (vipande vinavyohifadhi umeme) zimechoka. Usiifungue kabisa: hubaki na umeme wa hatari hata ikichomolewa. Pima kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) nyaya zinazotoka humo kompyuta ikiwa imewaka: waya wa njano utoe volti 11.4 hadi 12.6, mwekundu 4.75 hadi 5.25. Nje ya hapo, nunua nyingine.

Feni zikizunguka lakini skrini ni nyeusi, tatizo mara nyingi ni RAM, yaani kadi za kumbukumbu za muda. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde 10, kisha toa kadi za RAM na ujaribu moja moja, ukizikandamiza hadi vibanio vifunge.

Saa ya kompyuta ikirudi nyuma kila mara, badilisha betri ndogo ya duara ya CR2032 iliyo kwenye ubao mkuu.