Jinsi ya kulitafsiri neno "charge" bila kuupotosha waraka

Anayetafsiri nyaraka za mahakama, benki, hospitali na viwanda atakutana na neno "charge" karibu kila siku. Kamusi itampa orodha: shtaka, ada, chaji, shambulio, dhamana, usimamizi. Orodha yenyewe haina kosa, ila haimwambii achukue lipi. Nimeandika utaratibu ninaoufuata mwenyewe, kwa ajili ya watafsiri wanaoanza na waandishi wa habari wanaotafsiri mbiombio.

Kabla ya hatua zenyewe, fahamu jambo moja la asili. Neno hili linatokana na Kilatini "carrus", yaani gari la kukokotwa, na kitenzi chake kilikuwa na maana ya kupakia mzigo. Likapitia Kifaransa cha kale na kuingia Kiingereza. Maana zote za leo bado zimeshika mzigo huo: bunduki inapakiwa baruti, betri inajazwa umeme, kiwanja kinabebeshwa deni, mtu anatwishwa jukumu au kosa. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya sentensi yoyote ni hili: nani au nini kimebebeshwa, na kimebebeshwa nini?

Hatua ya 1: Tazama neno linalofuata

Maneno madogo ya Kiingereza yanafanya nusu ya kazi. "Charged for" ni kutozwa. "Charged to" ni gharama kuingizwa kwenye akaunti au bili ya fulani. "In charge of" ni kusimamia.

Mtego uko kwenye "charged with". Kikifuata kitendo cha jinai, mtu ameshtakiwa. Ikifuata kazi, amekabidhiwa jukumu. "The committee is charged with reviewing the accounts" ni "Kamati imepewa jukumu la kupitia hesabu." Programu za kutafsiri zinaweza kuipeleka kamati hiyo kizimbani, na msomaji asiyeona Kiingereza chake ataamini.

"Charged at" nayo ina sura mbili. Kodi ya ongezeko la thamani ikiwa "charged at 16 per cent", inatozwa kwa asilimia 16. Nyati akiwa "charged at the tourists", amewajia mbio ili awapige pembe.

Hatua ya 2: Jua waraka umetoka wapi

Angalia kichwa cha barua, mhuri na anayeandikiwa. Usianze kutafsiri aya uliyokatiwa na kutumiwa peke yake. Omba ukurasa mzima. Mteja akisema ni siri, muulize angalau ni waraka wa aina gani na utasomwa na nani.

Hatua ya 3: Kwenye sheria, pima kila neno

Hapa nakuomba usiwe na haraka hata kidogo, kwa sababu jina la mtu liko mikononi mwako. Kiswahili kina ngazi zinazoeleweka vizuri: mtu hushukiwa, hutuhumiwa, hushtakiwa, kisha hutiwa hatiani au huachiwa huru. "Charged" ni ngazi ya tatu tu. Ukiandika "ametiwa hatiani" umeshamhukumu kabla ya hakimu, na ukiandika "anatuhumiwa" ilhali hati ya mashtaka imeshasomwa mahakamani, umepunguza uzito wa kilichotokea.

Lakini angalia tena. Gazeti la Kiingereza likiandika kwamba waziri "denied charges of corruption", huenda hakuna kesi popote. Kuna maneno ya wapinzani bungeni tu. Hapo neno sahihi ni tuhuma. Tafuta kwenye habari yenyewe: je, imetajwa mahakama, namba ya kesi au hakimu? Kama hakuna kilichotajwa, usiandike mashtaka.

Kumbuka pia kwamba "charge" ya mahakamani, yaani shtaka, ni ya jinai. Kwenye kesi ya madai kuna mdai na mdaiwa, wala hakuna mshtakiwa. Mazungumzo ya kawaida hayajali tofauti hiyo, maana mtoto naye husema "nitakushtaki kwa mama", lakini waraka wa mahakama lazima uijali. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama Tanzania, kwa hiyo kosa la namna hii halibaki gazetini peke yake.

Ukihama kutoka jinai kwenda ardhi, neno linabadilika kabisa. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 inaita "charge" ile hali ya mwenye shamba kuliweka dhamana ili apate mkopo, na inaeleza wazi kwamba hiyo ni dhamana tu, umiliki hauhami. Tanzania, Sheria ya Ardhi ya 1999 inatumia "mortgage" kwa jambo hilohilo. Kwa Kiswahili zote mbili ni rehani. Ukiona "the land is charged to the bank", andika "shamba limewekwa rehani benki". Kampuni nayo inaweza kutoa "floating charge"; usibuni neno la kuelea. Eleza tu: dhamana inayoshika mali za kampuni zinazobadilikabadilika, kama bidhaa zilizomo stoo.

Hatua ya 4: Kwenye pesa, uliza nani anapokea

Kiingereza kinaweza kutumia neno moja pale ambapo sisi tuna mengi, na msomaji wetu anayatofautisha bila kufikiri. Ya basi ni nauli. Ya mlangoni uwanjani ni kiingilio. Ya shule au ya huduma ni ada. Inayotolewa kwenye salio lako benki au kwenye simu ni makato. Inayowekwa na serikali ni kodi, ushuru au tozo.

Ukikosea hapa unaweza kuzua ugomvi. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Tanzania Julai 2021, watu waliilalamikia serikali nchi nzima. Sasa mtafsiri akiita "tozo" makato ya kawaida ya kampuni ya simu, msomaji atadhani serikali imerudi tena mfukoni mwake. Jua nani anapokea hela ndipo uchague. Na "free of charge" ni bure au bila malipo, basi.

Hatua ya 5: Kwenye karakana, msikilize fundi

"Chaji" ya umeme tumeshaizoea: simu imeisha chaji, lete chaja. Vitabu vya fizikia navyo vina chaji chanya na chaji hasi, majina yanayotokana na kazi ya Benjamin Franklin katika miaka ya 1740. Hapo huna la kuhangaika.

Hangaika na friji. Nyuma yake, karibu na kompresa, kuna kibandiko chenye volti, aina ya gesi, na mstari kama huu: "Charge: R134a, 120 g". Huo ni uzito wa gesi ya kupoozea. Fundi husema "kujaza gesi", kwa hiyo andika "Kiasi cha gesi: R134a, gramu 120". Ukiandika "chaji", msomaji atafikiria umeme wakati anatakiwa kushika mzani. Kwenye machimbo, "charge" ni baruti inayojazwa kwenye tundu la mwamba kabla ya kulipua. Mwongozo wa usalama ukikosea hapo, mtu anaweza kupoteza maisha.

Hatua ya 6: Vyeo vifuate nchi

Tanzania, "medical officer in charge" ni mganga mfawidhi, na mahakamani kuna hakimu mfawidhi na jaji mfawidhi. Ni neno zuri sana, lakini Wakenya wengi hawalitumii. Kwao andika msimamizi. Gerezani na polisi ni mkuu wa gereza na mkuu wa kituo. "Chargé d'affaires" wa ubalozi ni kaimu balozi.

Hatua ya 7: Jaribu sentensi ngumu, kisha mpe mwenye kazi

Chukua hii niliyoitunga kwa mazoezi: "The nurse in charge said there was no charge for charging phones, but the guard was later charged with theft."

Tafsiri yangu: "Muuguzi mfawidhi alisema kuchaji simu ni bure, lakini baadaye mlinzi alishtakiwa kwa wizi."

"Charge" nne zimetoa maneno manne, na moja tu ndiyo imebaki chaji. Kwa waraka halisi, soma tafsiri yako bila kutazama Kiingereza, kisha mpe mtu wa fani hiyo: karani wa mahakama, fundi friji, mhasibu. Usimuulize kama tafsiri ni nzuri. Muulize angefanya nini baada ya kuisoma. Jibu lake likitofautiana na maagizo ya waraka wa Kiingereza, rudi hatua ya 1.