SOMO: Masaji zinazopendwa, na namna ya kuziingiza kwenye saluni au kliniki yako

Asalaam aleikum, na habari za leo wanachama. Wiki mbili hizi nimeulizwa swali lilelile kwa sura tofauti. Mmoja ana saluni yenye chumba cha nyuma kimekaa bure, mwingine ana kliniki ya fiziotherapia, mwingine nyumba ya wageni, na wote wanataka kujua: nianze na masaji zipi? Mimi nakanda watu mwaka wa kumi na moja sasa, sita ya mwanzo kwenye hoteli za kaskazini Unguja, iliyobaki chumbani kwangu mwenyewe mjini. Haya nitakayoeleza nimeyalipia ada, mengine kwa pesa, mengine kwa aibu.

Neno la kwanza litawaudhi baadhi yenu. Ile orodha ya masaji kumi na nne iliyotiwa plastiki, iondoeni ukutani. Kama una kitanda kimoja na mkandaji mmoja, huduma tatu zinakutosha mwaka mzima.

Hatua ya 1: Jua unachouza

Masaji ya Kiswidi ndiyo mama yao. Jina ni la Sweden, ila aliyeipanga mikono yake, yaani namna zake za kukanda, ni daktari Mholanzi wa karne ya 19, Johann Georg Mezger. Mikono ni mitano: kuteleza kwa kiganja kuelekea upande wa moyo, kukanda nyama ya msuli kama unga wa chapati, kusugua kwa duara penye fundo, kupigapiga, na kutikisa. Mkandaji akiijua vizuri mitano hii, nyingine nyingi zitamjia kwa wepesi. Asipoijua, hata umnunulie mawe ya dhahabu.

Ya pili ni ya misuli ya ndani. Mikono ni ileile ila polepole na kwa kina. Wengi hudhani maana yake ni kumtoa mtu machozi. Msuli ukiumizwa hujikaza, kwa hiyo unashindana nao bure. Mwambie mteja akupe namba, moja hadi kumi, na usivuke saba. Na usikande kwa vidole gumba peke yake, tumia kigasha na uzito wa mwili wako. Nawajua wakandaji wazuri walioacha kazi kabla ya miaka arobaini kwa sababu gumba limekufa.

Mawe ya moto yanapendwa sana na watalii. Ni mawe meusi ya volkano, yanashika joto muda mrefu, na hapo ndipo hatari ilipo. Maji yawe nyuzi 50 hadi 55, yapimwe kwa kipimajoto. Mimi nilikuwa napima kwa kidole, na kidole cha mkandaji kimeshazoea moto kama cha mpika chapati. Siku moja nikamwekea mgeni jiwe begani bila kitambaa katikati, nikageuka kuchukua mafuta. Alama nyekundu ile bado naiona. Jiwe lisitulizwe juu ya ngozi tupu. Ama litembee mkononi mwako, ama lilale juu ya taulo.

Ya Kithai hufanywa juu ya godoro chini, mteja amevaa nguo zake, bila mafuta, kwa kubonyeza na kunyoosha viungo. UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2019. Usiiweke kwenye bei zako kwa kutazama video mbili. Kumkunja mtu mgongo ni kazi ya aliyefundishwa ana kwa ana.

Masaji ya kiti ni dakika 15, shingo, mabega na mikono, mteja na shati lake. Haihitaji chumba. Unabeba kiti unakwenda benki, ofisini, kwenye bonanza. Kwa anayeanza na mtaji mdogo, mimi ningeanzia hapa.

Halafu kuna ya kwetu, ambayo nashangaa tunaisahau tukihangaika na za mbali: singo. Karafuu, mawaridi, asumini, langilangi, mrehani, liwa, vyote vinatwangwa na kumsinga, yaani kumsugua mwilini, bibi harusi siku kadhaa kabla ya harusi. Kwa wasio wa Pwani, "somo" kwetu si mafunzo tu, ni pia yule mwanamke anayemfunda mwari, na kusinga ni sehemu ya kazi yake. Basi ukitaka kuiuza singo, usichukue binti wa mapokezi ukampa unga wa dukani. Mtafute mama anayeijua, mlipe kama mtaalamu, na mwachie aamue nini cha kumwonyesha mgeni na nini kibaki kwa maharusi. Karafuu inaunguza ngozi laini, kwa hiyo jaribu kwanza kidogo kwenye kiwiko. Aliyenyoa au kutoa nywele kwa nta siku hiyo, asisingwe.

Hatua ya 2: Safisha jina

Tuseme ukweli, neno masaji mjini limechafuka. Ukisema una chumba cha masaji, kuna atakayekukonyeza. Dawa yake si kulalamika, ni mpangilio ambao mtu anausoma kabla hujafungua mdomo. Taa nyeupe au ya manjano, si nyekundu. Bei iandikwe kwa dakika na kwa jina la huduma. Mkandaji avae sare yenye mikono na viatu vya kufunika. Mlango usiwe na ufunguo ndani. Kinachofunuliwa ni kile kinachokandwa tu, mguu ukiisha unafunikwa ndipo mkono ufunuliwe, na nguo ya ndani haivuliwi. Anayepokea simu aulize, "Ungependa kukandwa na mwanamke au mwanaume?" kama anavyouliza saa.

Na sheria moja iwe kwenye karatasi anayosaini: mkandaji anaweza kusimamisha huduma wakati wowote akivunjiwa heshima, na bei inalipwa yote. Mwenye duka ukimrudisha mkandaji wako ndani "akamalizie tu", umeshaamua biashara yako ni ya aina gani.

Hatua ya 3: Maswali kabla ya mkono

Dakika kumi, karatasi moja. Una homa? Umefanyiwa upasuaji karibuni? Una mimba, ya miezi mingapi? Presha, kisukari, dawa za kuzuia damu kuganda? Kidonda, upele, mba wa kuambukiza? Karanga au lozi zinakudhuru?

Swali ninaloling'ang'ania ni la miguu. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na ukauma kwenye kigimbi, hasa kwa aliyetoka safari ndefu ya ndege, aliyelazwa au aliyejifungua, usiuguse. Huenda damu imeganda kwenye mshipa, na donge hilo likibanduka linaweza kwenda mapafuni likaua. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Vilevile mwenye maumivu ya mgongo anayesema amekufa ganzi sehemu za siri au mkojo haumtii, huyo si wako, wala asingoje kesho.

Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asiwekewe mawe, hatajua kama anaungua. Mjamzito wa miezi mitano kwenda juu alazwe ubavu, si chali wala kifudifudi.

Karatasi hizo ni siri za watu, zikae kwenye droo yenye kufuli. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Picha ya mgongo wa mteja kwenye status yako bila ruhusa yake ni kosa, hata kama sura haionekani.

Hatua ya 4: Hesabu

Hapa ndipo wengi wanapozama. Masaji ya dakika 60 inakula dakika 90 za chumba: maswali, kuvua, kukanda, kuvaa, maji ya kunywa, kubadilisha shuka. Ukifungua saa tatu asubuhi ukafunga saa kumi na moja jioni na nusu saa ya chakula, umebaki na watu watano. Si wanane. Na mkandaji mmoja kukanda watu watano kila siku ni mzigo mkubwa.

Kila mtu shuka mbili na taulo tatu. Watu watano ni shuka kumi na taulo kumi na tano za kufua kila siku. Uwe na seti tatu: moja kitandani, moja kwenye beseni, moja kwenye kamba. Masika yakiingia ongeza ya nne, maana hakikauki kitu. Mafuta weka mililita 30 kwa mwili mzima, lita moja inakwenda kama siku sita.

Sasa chukua mfano, uweke namba zako. Kodi, mshahara, umeme, kufua na mafuta ni shilingi 1,560,000 kwa mwezi, siku za kazi 26. Ukipata wateja wawili kwa siku, kila mmoja anabeba 30,000 kabla hujaona faida. Wakiwa watatu, 20,000. Kwa hiyo anayetangaza saa nzima kwa 15,000 mtaa wa pili, usimfuate. Punguza bei ya Jumanne asubuhi chumba kikiwa kitupu, si ya Jumamosi.

Hatua ya 5: Vibali

Tanzania Bara: jina BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA (mamlaka ya mapato), leseni ya halmashauri. Zanzibar: BPRA kwa usajili wa jina na ZRA kwa kodi. Kenya: jina kupitia eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) na kibali cha kaunti. Kwenye bango andika "kupumzisha misuli", usiandike "tunatibu stroki na nguvu za kiume". Ukishasema unatibu, umeingia kwenye sheria nyingine kabisa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Wawili, Tanga: Dada, natumia mafuta ya nazi ya kukamua mwenyewe. Nikiwasha AC yanaganda. Nihamie ya dukani?

*Jibu:* Usihame, mamangu. Ya nazi huanza kuganda kwenye nyuzi 24 hivi, na AC inafika hapo haraka. Weka chupa kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, au changanya na ya ufuta ambayo hayagandi. Ukitaka harufu, matone 6 ya mafuta makali ya mimea ya harufu kwa mililita 30 yanatosha. Ya karafuu weka 3 tu, na mjamzito usimwekee.

Fundi Viungo, Mwanza: Nina kliniki ya fiziotherapia. Wagonjwa wanataka kukandwa, mazoezi hawataki. Nikikataa wanahama.

*Jibu:* Tenganisha. Masaji iwe na bei yake, saa zake na mkandaji wake, na kwenye risiti iwe mstari wake. Mgonjwa wa goti mpe dakika 15 za kukanda mwishoni, baada ya mazoezi. Akijua zinakuja, atanyanyua mguu.

Bibi wa Likoni: Mjukuu wangu ananiandikia. Mie nimekanda wazazi waliotoka kujifungua tangu ujana wangu, kwa maji ya moto na mafuta. Sasa naambiwa bila cheti si mkandaji. Ni kweli?

*Jibu:* Shikamoo bibi. Hoteli na kliniki watakuuliza cheti, wateja wako hawatauliza, wanaujua mkono wako. Ila nakuomba mawili. Aliyejifungua kwa kisu, tumbo usiliguse mpaka daktari aseme, na maji ya moto yasikaribie mshono. La pili ni lile la mguu mmoja kuvimba. Wiki za mwanzo baada ya uzazi ndipo damu inapoganda kirahisi, usiukande. Na mjukuu akae nawe ajifunze, tafadhali.

Kijana wa Buguruni: Mimi mwanaume, nina cheti, ila saluni zote wanataka wasichana. Niende wapi?

*Jibu:* Saluni si mahali pako pa kuanzia. Nenda jimu, timu za mpira, wakimbiaji, madereva wa malori wenye migongo. Hao wanataka misuli ya ndani na hawaulizi jinsia. Wanawake watakuja baadaye kwa kuletwa na waume zao. Imenitokea kwa kijana niliyemwajiri, sasa nafasi yake inajaa kabla ya yangu.

Asiyetaka jina: Mteja akiomba "ziada", unasemaje bila ugomvi?

*Jibu:* Mikono juu, hatua moja nyuma. "Kaka, huduma imeisha. Vaa, nakusubiri mapokezi." Usicheke hata kidogo. Kicheko cha aibu yeye atakihesabu ni ndiyo.

Mama Wawili, Tanga: Samahani, nimerudi. Taulo zangu zinanuka mafuta hata baada ya kufuliwa.

*Jibu:* Mafuta yamechacha ndani ya nyuzi. Loweka usiku kucha kwenye maji ya moto na sabuni ya vyombo, si ya unga peke yake, kisha fua. Zikikataa, zigeuze za kufutia sakafu. Na kama una mashine ya kukaushia, usiziache taulo za mafuta zimerundikana humo zikiwa za moto. Zinaweza kuwaka zenyewe. Anika juani, Tanga jua mnalo.