Kumtafuta marehemu baba kwenye meli za vita vya pili: anza na meli, jina litafuata

Mzee wangu alifariki 1991 hapa Tanga na kuhusu vita vya pili alituachia vitu vitatu tu. Picha ya meli yenye dohani tatu, kipande cha kitabu chake cha ubaharia ambacho mchwa walishakula zaidi ya nusu, na maneno aliyokuwa akiyarudia kila akikaa kahawani na wenzie, kwamba meli yao ilikuwa inaitwa Tarumbeta, ilizama, na usiku ilikuwa inawaka taa kama nyumba ya harusi. Tulikuwa tunacheka sana. Baba mdogo aliyekuwa askari wa KAR, lile jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki, alikuwa anamwambia wazi, kaka we muongo, meli gani ya vitani inawasha taa, si mnamwita adui aje? Mzee alikuwa ananyamaza anamalizia kahawa yake.

Imenichukua kama miaka minne kujua mzee hakuwa muongo, na mwaka mzima humo niliupoteza kwa ujinga wangu mwenyewe, ndo maana naandika hapa nilivyopita ili na wewe mwenye baba au babu baharia usipotelee nilikopotelea mimi.

Kosa la kwanza ni kuanza na jina. Unaandika jina la mzee kwenye Google, hutoki na kitu, unakata tamaa. Sasa fikiria, mtu anaitwa Hamisi bin Juma, kasaini meli Bombay mbele ya karani ambaye hajawahi kusikia Kiswahili, mwenyewe hajui kuandika. Karani ataandika anachosikia. Anaweza kuwa Khamis Juma, Kamis Jooma, au wakamuweka kwenye herufi B kabisa kwa sababu walidhani "Bin" ndo jina la ukoo, na umri wamekadiria kwa kumwangalia usoni. Kwenye karatasi nyingine Mwafrika ameandikwa "Seedie" tu, yani Sidi, hilo neno liweke kichwani maana utakutana nalo. Jina litakuangusha lakini meli haikuangushi. Meli za Mwingereza kila moja ilikuwa na namba yake rasmi ya usajili, haibadiliki hata meli ikibadilishwa jina, na listi za mabaharia za miaka ya vita zimepangwa kwa namba hiyo. Ukiipata meli, mzee mara nyingi utamkuta humo ndani.

Kwa hiyo kabla hujagusa intaneti kaa na wazee waliobaki nyumbani, washa simu urekodi, halafu usiwasahihishe. Hapa nasisitiza. Mama yangu ana tisini na kitu na kila nikimuuliza tarehe anakasirika, lakini nikimuuliza baba alirudi na nini anataja kila kitu, blanketi la kijivu, kovu refu la kisu kwenye dole gumba la kushoto, na kuchukia samaki wa kopo mpaka anaingia kaburini. Yaandike yote, hasa yale yanayoonekana kama porojo. Jina la meli ukilisikia limepinda liandike lilivyopinda, usijifanye unalinyoosha.

Mimi nililinyoosha. Nilisikia Tarumbeta, nikasoma kwamba kuna meli ya kampuni ya British India ikiitwa Tilawa, ilitoka Bombay Novemba 1942 kuja Mombasa na Durban, ikapigwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 23, watu 280 wakafa. Basi nikasema ndo hiyohiyo, T na L zipo, inakuja kwetu, imezama. Nikawatangazia ukoo mzima. Nikamlipa na jamaa mmoja wa mtandaoni aliyejiita mtafiti, akanitumia kurasa za mtu mwingine kabisa mwenye jina linalofanana na la mzee, hela ikaenda. Mwaka ukapita hivyo.

Kilichonitoa ni ile picha. Siku moja mjukuu wangu ananiuliza babu mbona hii meli ina bomba tatu, nikaanza kutafuta meli za British India zenye dohani tatu, na hazikuwa nyingi. Ni meli ndugu tatu za 1924 zilizokuwa zikifanya njia ya Bombay, Afrika Mashariki na Durban: Tairea, Takliwa na Talamba. Tilawa haimo. Tairea ilimaliza vita salama. Takliwa iliharibikia kule visiwa vya Nicobar Oktoba 1945, vita vishaisha. Ikabaki Talamba. Sasa litamke harakaharaka kama mtu anayeongea na meno mawili yamebaki, Talamba, Tarumba, Tarumbeta.

Na Talamba wakati wa vita iligeuzwa meli ya hospitali. Meli ya hospitali kwa mkataba wa Hague wa 1907 ilikuwa inapakwa rangi nyeupe na mstari wa kijani ubavuni, misalaba myekundu, na usiku inawashwa taa makusudi ili adui aione asiipige. Nyingine zote zilikuwa giza, hizo zinawaka. Kama nyumba ya harusi. Usiku wa 10 Julai 1943, siku majeshi yalipotua Sicily, ilikuwa karibu na Avola inapokea majeruhi, ndege zikaipiga mabomu na taa zake zinawaka vilevile. Baba mdogo alikuwa ameshatangulia mbele ya haki nilipolijua hili. Ningempigia simu siku hiyohiyo, tena saa nane za usiku.

Turudi kwenye kazi. Kitabu cha ubaharia kama mnacho hata kipande, msikitupe. Angalia namba, kazi, mahali kilipotolewa na tarehe. Cha mzee kilibaki na neno moja linalosomeka vizuri, "Bhandary", na chini Bombay 1943. Mi nikajua ni bandari, nikahangaika bandari gani hiyo haina jina. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka hapa mjini, ujanani alikuwa karani wa mambo ya meli, aliangalia akacheka mpaka akavua miwani. Bhandary ni mpishi wa mabaharia, lugha ya melini hiyo. Maneno haya inabidi uyajue maana kwenye listi hutakuta kazi kwa Kiingereza cha shuleni: serang ndo sarahangi wetu, msimamizi wa mabaharia, tindal ni msaidizi wake, cassab ni mtunza stoo, topas anafagia na kusafisha. Na mwaka wa kitabu nao unaongea. Mzee alishakuwa baharia kabla ya vita, sasa kwa nini apewe kitabu kipya 1943? Kwa sababu cha zamani kilienda na meli. Ukiona kitabu kimeanza katikati ya vita jiulize swali hilo. Na ukikuta safari imeandikwa imekwisha "baharini" badala ya jina la mji, chukua hiyo tarehe ulinganishe na tarehe za meli kuzama, mara nyingi ndo siku yenyewe.

Ukishapata meli, namba yake rasmi utaitoa kwenye vitabu vya Lloyd's Register, yani rejesta ya meli, vya 1930 mpaka 1945 vimeskaniwa vipo mtandaoni, au kwenye tovuti ya CLIP, mradi wa kuorodhesha listi za mabaharia, bure. Halafu unaenda hifadhi ya taifa ya Uingereza, iko Kew, London, katalogi yao inaitwa Discovery na unaitafuta ukiwa nyumbani kwako. Mafaili yao yamepangwa kwa mafungu yenye herufi na namba, ya kukumbuka ni haya. BT 389 ni kadi za safari za meli wakati wa vita, imetoka wapi lini imefika wapi. Anza na hiyo, maana inakuonyesha kama hadithi za mzee za Port Said na Durban zinaingia kwenye kalenda. BT 380 na BT 381 ndo listi za mabaharia na vitabu vya kumbukumbu za meli, hapa ndo namba rasmi inafanya kazi. BT 382 ni rejesta ya mabaharia mmojammoja kuanzia 1941, imegawanywa sehemu sehemu, wa Ulaya kwao na wa Asia kwao, kwa hiyo usiishie sehemu moja ukasema hayupo. BT 373 ni waliotekwa. ADM 199 ina mambo ya misafara ya meli zilizosindikizwa pamoja. Kama ni meli ya hospitali kama yangu, jaribu na WO 177, shajara za idara ya tiba ya jeshi.

BT 395 ni ya medali, na hapa watu wengi wanavunjika moyo bure. Baharia wa meli za biashara hakuletewa medali nyumbani, ilibidi aombe mwenyewe. Sasa niambie nani alikuja Tanga au Lamu kuwaambia wazee wetu kuna fomu ya kujaza? Kwa hiyo jina kukosekana kwenye medali haimaanishi hakuwepo. Na kama mnayo nyota ya shaba nyumbani, usitegemee kukuta jina nyuma, zilizotolewa Uingereza hazikuandikwa majina, angalia utepe. Wa nyekundu, nyeupe, kijani, nyeupe, nyekundu ni Italy Star, inakwambia alikuwa bahari ya Mediterania au Italia kuanzia katikati ya 1943.

Tovuti ya uboat.net ni nzuri sana lakini ni ya meli zilizopigwa na nyambizi za Mjerumani, na kuna meli ina mpaka majina ya watu. Yangu ilipigwa na ndege kwa hiyo haikunisaidia, na zilizopigwa na nyambizi za Mjapani tafuta tovuti ya combinedfleet. Kama mzee alikuwa kwenye meli za British India, karatasi za kampuni ziko makumbusho ya bahari Greenwich, na P&O Heritage, hifadhi ya historia ya kampuni ya meli ya P&O, wana maelezo mafupi ya meli mojamoja ya kudaunlodi. Kama alisaini Bombay, usishangae karatasi nyingine zikawa upande wa India, ndo maana na British Library kwenye mafaili ya India Office usipite hivihivi. Kama aliishi Cardiff au South Shields, kuna ile amri ya 1925 ya kusajili mabaharia weusi kama wageni, ilikuwa ya ubaguzi mtupu lakini watu wengine picha yao pekee ya ujana ndo hiyo ya kadi ya polisi, ulizia hifadhi za kule.

Huku kwetu, kwenye hifadhi za nyaraka za Kilimani Zanzibar, Dar, na Nairobi pale Moi Avenue, nenda ukiwa na tarehe mkononi. Usiende kusema natafuta habari za baba yangu, utarudishwa kwa upole. Na magazeti ya wakati ule usiyategemee kwa safari za meli, vita ilikuwa na siri zake.

Jambo moja ambalo linachanganya familia nyingi: babu "alikuwa melini vitani" inaweza kuwa alikuwa baharia, na inaweza kuwa alikuwa askari amepakiwa anapelekwa Burma. Ni karatasi tofauti kabisa. Mfano mkubwa ni meli ya Khedive Ismail, ilitoka Mombasa Februari 1944 na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, cha 301, ikapigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi tarehe 12, wakafa karibu watu 1,300, wengi wao watoto wa huku. Hao askari wetu majina yao yako kwenye mnara wa makaburi ya vita Nairobi. Baharia wa meli za biashara asiye na kaburi utamtafuta kwenye mnara wa kumbukumbu wa Tower Hill London, na waliosajiliwa kama mabaharia wa India kwenye kumbukumbu za Bombay na Chittagong. Zote zipo kwenye tovuti ya CWGC, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, kutafuta ni bure.

Kuhusu nakala, unaweza kuagiza Kew kwa imeli wakakukadiria bei, lakini kama una ndugu Uingereza mtume yeye. Kadi ya msomaji haina malipo, na kupiga picha kwa simu yako ndani ya chumba cha kusomea wanaruhusu. Mpe namba za mafaili zimekamilika, akifika hapo hana muda wa kukupigia kuuliza BT ngapi.

Mimi nina mtoto wa dada yangu yuko Leicester, anakwenda mwezi ujao. Nimemwambia akipewa listi ya Talamba asisome majina kwanza, ataishia kuchanganyikiwa. Ashuke na ile safu ya kazi mpaka akute Bhandary. Mabaharia wa mikataba ya Kihindi wasiojua kuandika walikuwa wanaweka dole gumba badala ya sahihi, kwa hiyo kwa kila Bhandary apige picha ya dole kwa karibu, mwanga wa kutosha, anitumie hata kama jina silo. Mama nimeshamnunulia miwani mpya. Kovu lilikuwa linakata kuanzia pembeni ya kucha mpaka kwenye kiungo, anasema hata likiwa limepakwa wino atalijua.