Trekta kuukuu kwa shamba dogo: namna ya kulikagua kabla hujatoa fedha

Kwenye shamba la ekari tano hadi kumi, trekta halishindi likilima. Siku nyingi za mwaka linavuta tela la samadi, linafyeka majani, linabeba maji na kuni, na kulima kwenyewe ni shughuli ya wiki mbili tatu mvua zinapokaribia. Kwa kazi za namna hiyo nguvu farasi 45 hadi 60 zinatosha, na jembe la diski mbili litavutwa bila taabu. Trekta la nguvu farasi 80, mfano wa Massey Ferguson 290, huvuta diski tatu kwa raha, lakini kwa mwenye shamba dogo litakunywa dizeli kwa kazi ambayo dogo lingeimaliza, na kila likitaka kugeuka kichwani mwa shamba litakula mistari miwili ya mahindi. Mwenye udongo mzito wa mfinyanzi, kama wa mabonde ya mpunga, ndiye pekee ninayemshauri apande daraja kidogo.

Kabla ya kwenda kuangalia trekta lolote, nenda kwanza kwa fundi wa matrekta aliye karibu nawe, umuulize ni ya aina gani ambayo amewahi kuyafungua mpaka ndani, kisha upite kwenye maduka mawili ya vipuri ya mji wenu uone ni vipuri vya aina gani vilivyojaa kwenye rafu. Majibu ya fundi na ya maduka hayo yana uzito kuliko bei na kuliko rangi. Trekta zuri la aina ngeni, ambalo gasketi yake lazima iagizwe nje ya nchi, litasimama chini ya mwembe msimu mzima likisubiri kitu kidogo cha mpira.

Sehemu nyingi za Tanzania na Kenya jibu utakalopewa ni Massey Ferguson, na baada yake Ford. MF 135, lililotoka kwenye kiwanda cha Coventry, Uingereza, kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi miaka ya 1970, lina injini ya Perkins ya silinda tatu yenye ujazo wa lita 2.5 na nguvu farasi zipatazo 45. MF 240 lililofuata mwishoni mwa miaka ya 1970 ni kama mdogo wake wa tumbo moja, kwani nalo lilianza na injini ya ukoo huohuo, na liliendelea kuundwa Pakistani kwa miaka mingi, jambo linalofanya vipuri vyake viwe vingi na vya bei ya kubebeka. MF 165 lina silinda nne na linafika nguvu farasi 60 hivi. Upande wa Ford, namba 3000 ya silinda tatu ndiyo inayolingana na 135, na 5000 ya silinda nne ni kubwa zaidi. Miaka hamsini kwa matrekta haya si kasoro yenyewe, maana hayana kompyuta wala nyaya nyingi, na karibu kila kitu ndani yake kinaweza kufunguliwa kwa spana na akili.

Ukishapata la kukagua, mwambie mwenyewe mapema kwamba unataka kulikuta limepoa, kisha ukifika, kabla hata ya salamu kuisha, weka kiganja kwenye ubavu wa injini. Likiwa la moto, limewashwa kabla hujafika, na mara nyingi sababu ni kwamba likiwa baridi haliwaki kwa urahisi. Likiwa baridi kweli, liwashwe mbele yako huku ukitazama bomba la moshi. Moshi mweupe unaokatika baada ya dakika chache si neno. Moshi wa bluu usiokatika ni oili inayoungua, yaani ringi za pistoni au valvu za injini zimechoka. Moshi mweusi injini ikiwa haina mzigo unaelekeza kwenye nozeli zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini, pampu ya dizeli au chujio la hewa lililoziba, na hapo anzia kwenye chujio kwa sababu ndilo la bei nafuu.

Lifanye kazi nusu saa, kisha lizime, subiri dakika kumi, uliwashe tena. Wanunuzi wengi hawafanyi hivi, na hapa ndipo pampu ya dizeli iliyolika inapojitokeza, kwani trekta linalowaka vizuri asubuhi likiwa baridi linaweza kukataa kabisa likiwa la moto, dizeli ikiwa imekuwa nyepesi na kupenya kwenye sehemu zilizolika badala ya kwenda kwenye nozeli. Kutengeneza pampu ni kazi ya fundi maalumu mwenye mashine ya kuipimia, wala si ya fundi wa barabarani.

Injini ikiwa inanguruma, fungua mfuniko wa kujazia oili ulio juu. Mvuke mdogo ni wa kawaida. Moshi unaotoka kwa kusukumwa, tena kwa mapigo, unaonyesha kwamba mgandamizo unapita kando ya pistoni. Mfuniko wa rejeta nao ufunguliwe, lakini wakati injini imepoa, uangalie kama maji yana utando wa oili, na ukishaiwasha tazama kama yanatoa mapovu bila kukoma, dalili ya gasketi ya silinda hedi iliyokufa au hedi yenye ufa. Halafu piga goti uangalie chini ya nyumba ya klachi, mahali injini inapokutana na giaboksi, ambapo pana tundu dogo lililochomekwa kipini. Oili nyeusi inayodondoka hapo inatoka kwenye sili ya nyuma ya krenkshafti, na oili ya rangi ya asali inatoka upande wa giaboksi. Sili yenyewe ni ya fedha kidogo, ila kuifikia lazima trekta litenganishwe katikati, injini mbali na giaboksi, na gharama ni ya kazi hiyo.

Yote haya ya injini nayataja kwa kirefu kwa sababu kila mnunuzi huanza nayo, lakini kwa maoni yangu injini ndiyo sehemu isiyotisha sana katika trekta kuukuu. Fundi yeyote mzoefu anaweza kuifanyia oveholi injini ya Perkins ya silinda tatu kwa siku chache, na vipuri vipo. Fedha za watu zinapotelea nyuma ya kiti.

Anza na klachi. Matrekta mengi ya MF 135 yana klachi ya hatua mbili: ukikanyaga nusu, magurudumu yanasimama, na ukikanyaga hadi mwisho, shafti ya PTO inayozungusha kifyekeo nayo inasimama. Jaribu hatua zote mbili, kisha pita gia zote, mbele na nyuma, za chini na za juu, ukiwa na mzigo, usikilize kama kuna inayoruka yenyewe kurudi huru. Kama trekta lina kishikio cha Multi-Power kinachobadilisha mwendo bila kukanyaga klachi, hakikisha linapanda na kushuka mwendo mara moja, na ujue kwamba likiwa kwenye mwendo wa chini wa mfumo huo injini hailizuii trekta kwenye mteremko. Mwenye shamba la mlimani na tela lililojaa asiusahau ukweli huu hata siku moja, na breki zikaguliwe kwa gurudumu moja moja, kila kanyagio peke yake.

Baada ya hapo ni hidroliki, yaani mfumo wa oili unaonyanyua jembe, na hapa nimewahi kulia mwenyewe. Trekta langu la kwanza lilinyanyua jembe mbele yangu mara sita bila kusita, rangi nyekundu ikiwa bado inanukia, nikalipa. Siku ya kwanza shambani, baada ya saa moja na nusu ya kulima, mikono ya trekta inayobeba jembe ilikataa kupanda, na tulipofungua tukakuta oili nzito kuliko inayotakiwa, iliyowekwa ili ifiche pampu iliyochoka. Ikipata joto inakuwa nyepesi na pampu haina tena cha kusukuma. Tangu hapo sikubali kujaribu hidroliki ya trekta ambalo halijafanya kazi mpaka nyumba ya chuma ya nyuma yake, yenye oili, ikawa ya moto. Funga jembe, linyanyue, zima injini, uweke alama ya chaki kwenye gurudumu usawa wa jembe. Likishuka polepole kwa nusu saa, huo ni uzee wa kawaida. Likitua ndani ya dakika mbili, kuna sili au silinda iliyokufa. Injini ikiwa inafanya kazi, mikono isiyotulia, inayoshuka kidogo na kupanda kidogo kama mtu anayesinzia, ni ugonjwa huohuo.

Chomoa kijiti cha oili ya nyuma uitazame kwenye mwanga. Kwenye Massey za ukoo huu oili moja inahudumia giaboksi, difu (gia za ekseli ya nyuma) na hidroliki, na pampu imezama humo ndani. Ikiwa ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi yameingia kwa mlango mdogo mno: mpira uliopasuka kwenye shina la mti wa gia, kwa trekta lililolala nje masika yote.

Mbele kuna mambo machache. Inua ekseli kwa jeki, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Ulegevu unatoka kwenye beringi au kingpini, na bushi zake si ghali. Tairi za nyuma ni ghali, kwa hiyo nyufa za ubavuni zitafsiriwe kwa shilingi na zipunguzwe kwenye bei, na ringi ya gurudumu ikaguliwe kuzunguka valvu ya kujazia tairi, kwa sababu tairi zilizokuwa zikijazwa maji ili kuongeza uzito huozesha chuma mahali hapo. Pima pia pini za mikono ya chini ya kufungia majembe: za milimita 22 ni za daraja la kwanza, za milimita 28 ni za daraja la pili, na jembe utakaloazima kwa jirani lazima lilingane nazo au upate bushi za kati.

Namba ya chesisi na ya injini zisomwe kwenye chuma chenyewe, si kwenye kadi, kisha zilinganishwe na kadi, na umiliki uhakikishwe TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kabla ya fedha kutoka mfukoni. Trekta la mnada wa taasisi liwe na hati za mnada. Mkataba uandikwe mbele ya mashahidi, kwa wakili au ofisi ya kijiji, ukitaja majembe yote yanayouzwa pamoja nalo, maana tela lililoahidiwa kwa mdomo huwa halifiki.

Usitoe fedha zote ulizonazo kwa muuzaji. Mimi huacha robo ya bajeti kwa ajili ya mwezi wa kwanza: oili zote za injini na za nyuma zimwagwe, machujio ya dizeli, oili na hewa yabadilishwe, betri ikibidi. Unapomwaga oili ya nyuma, weka beseni safi, uiache itulie usiku kucha, asubuhi uimimine taratibu huku ukipitisha sumaku chini. Ungaunga laini mweusi ni ulaji wa kawaida wa miaka. Ukiokota kipande chenye umbo la jino la gia, usilipeleke trekta shambani. Mwite fundi kwanza.